Kapteni McVay: hukumu ya 1945 ifutwe kabisa, au azimio la 2000 latosha?

Mkunguni
Wanabaraza, nalileta hili tulijadili. Usiku wa kuamkia 30 Julai 1945 nyambizi ya Japani, I-58, iliipiga manowari ya Marekani USS Indianapolis kwa torpido (makombora ya majini) mbili. Dakika 12, meli ikawa chini. Kati ya watu 1,195 walionusurika ni 316. Desemba hiyo nahodha wake, Charles McVay, akatiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa kutokwenda zigizaga, yaani kubadili uelekeo mara kwa mara kukwepa torpido. Mwaka 1968 akajiua. Mwaka 2000 Bunge lao likapitisha azimio kwamba hastahili lawama, na 2001 jeshi la majini likalitia kwenye faili lake. Hukumu yenyewe haijatenguliwa mpaka leo. Kwangu hiyo ni nusu haki. Ifutwe.

Ngomeni
Latosha! Adhabu aliondolewa 1946, akastaafu 1949 kwa cheo cha admirali, na Rais Clinton akamsamehe. Watu karibu 900 wamekufa maji, nanyi mwataka nahodha asiulizwe? Alikuwa na ruhusa ya kubisha, yaani hiyo zigizaga, hakubisha. Basi.

Matondoni
Ngomeni, kubisha? Manowari ya mitambo yabisha vipi? Kubisha ni kazi ya tanga. Neno kama hili likipotea Malindi msilipoteze na huku Lamu.

Bi Langoni
Ndugu Ngomeni, msamaha hupewa mkosa. Clinton alitia saini azimio, 30 Oktoba 2000, linalosema mtu huyu hana kosa. Si kitu kimoja. Na hao 879 hawakufa wote kwa torpido. Kama 300 walizama na meli. Waliobaki, karibu 900, waliingia majini wakiwa hai, wakakaa siku nne usiku na mchana: jua, kiu, wengine wakanywa maji ya chumvi wakarukwa na akili, papa wakawala. Meli ilikuwa ifike Leyte, Ufilipino, tarehe 31. Haikufika, na bandarini hakuna aliyeuliza, kwa kuwa amri ilikuwa kufika kwa manowari kusitangazwe, wakaifasiri kwamba na kutofika pia kusitangazwe. Tarehe 2 Agosti rubani Wilbur Gwinn, aliye kwenye doria ya kawaida, aliona mafuta juu ya maji, kisha vichwa vya watu. Ni bahati tu. Hao mwamlaumu nani?

Ngomeni
Matondoni, nyinyi watu wa visiwani mwadhani bahari ni yenu peke yenu. Chombo kikienda mara kulia mara kushoto, chabisha. Watu wa Malindi wasema hivyo na waelewana.

Matondoni
Hamwelewani, mwakosea pamoja. Kubisha ni kwenda kinyume cha upepo. Chombo hakiwezi kuukabili uso kwa uso, kwa hivyo chaenda mshazari, kisha chageuzwa mshazari wa pili. Na jahazi kubwa huligeuzi kwa kupitisha pua kwenye upepo; waelekeza tezi (nyuma yake) kwa upepo, demani (kamba ya kuvutia tanga) yalegezwa, foromali (boriti ya tanga) yasimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, tanga lahamia upande wa pili. Ukichelewa, tanga lajibandika kwenye mlingoti na mlingoti waweza kuvunjika.

Zigizaga ya vita haina habari na upepo. Nyambizi hailengi meli ilipo, hulenga itakapokuwa. Yapima mwendo, uelekeo na umbali, yapiga hesabu ya pembe. Meli ikibadili uelekeo kwa saa maalumu, kila baada ya dakika kadhaa, hesabu yavurugika. Lakini yavurugika kama torpido yatoka mbali. I-58 ilifyatua sita kwa mtawanyiko, kutoka kama mita 1,500. Torpido hizo zakata umbali huo kwa dakika moja hivi. Meli ikienda maili 17 za bahari kwa saa, kwa dakika hiyo imesogea mita 525 tu, haifiki urefu wake mara tatu. Zigizaga ingemsaidia nini?

Mkunguni
Na hilo ndilo Hashimoto, nahodha wa I-58, aliloiambia mahakama hiyohiyo: zigizaga isingebadili kitu. Walimleta shahidi kutoka kwa adui, kisha hawakumsikiliza. Mwaka 1999 akamwandikia Seneta John Warner jina la McVay lisafishwe. Akafa siku tano kabla ya saini. Amri ya McVay ilisema zigizaga ni kwa uamuzi wake mwenyewe. Usiku ulikuwa na mawingu. Aliomba manowari ya kumsindikiza, akanyimwa. Hakuambiwa kwamba I-58 iko kwenye doria, wala kwamba manowari nyingine ya Marekani, Underhill, ilizamishwa siku sita kabla katika bahari hiyohiyo.

Ngomeni
Mbona amri ya kuacha meli ilichelewa?

Bi Langoni
Hilo alishtakiwa na akaachiwa. Umeme ulikatika, vipaza sauti vikafa, amri ikapita mdomo kwa mdomo. Omo (mbele ya meli) imefunguka, na mitambo ingali yasukuma meli mbele, kwa hivyo ilikuwa yajichotea maji.

Ngomeni
Sawa, hilo nalikubali. Kubisha sikubali. Babu zetu walisema kubisha.

Matondoni
Babu zako walikuwa na tanga!

Kizingitini
Tuacheni foromali kidogo. Aliloleta Bi Langoni ndilo latuhusu. Mashua ikitoka hapa na isifike, ni nani mwenye kazi ya kuuliza? Nahodha aache pwani idadi ya watu, saa ya kutoka, njia ataishika ipi na saa ya kufika, na mtu mmoja kwa jina akabidhiwe karatasi hiyo. Saa ikipita na simu haipatikani, huyo ndiye apige mbiu, asingoje kuche. Maana mkondo hauwaachi watu pale walipoanguka: ukienda maili moja tu kwa saa, baada ya saa 12 wako maili 12 mbali, na eneo la kutafuta limepanuka pande zote.

Matondoni
Kizingitini, na wakati wa kusi ongeza upepo juu ya huo mkondo. Aliyeshika ubao au dumu hasukumwi sawa na aliye na boya tu, kwa hivyo hata waliozama pamoja huwapati mahali pamoja.

Ngomeni
Na chombo cha kuwatafuta kitoke na matanga au mashine? Kwa sababu kikitoka na matanga, Matondoni, hapo kitabisha.