Fonti ya pikseli inaingia ukungu kwenye mchezo wangu: tatizo ni nini?

Muulizaji
Ndugu zangu, ninatengeneza mchezo mdogo wa video wenye mazungumzo ya Kiswahili, na skrini yake nimeipa pikseli (vitone vinavyounda picha) 160 kwa 144, kama ile ya Game Boy, mashine ya mkononi ya michezo, ya mwaka 1989. Nimechagua fonti ya Press Start 2P nikaiweka kwa ukubwa wa 12, lakini herufi zina ukungu pembeni na miguu ya m haina unene mmoja. Je, kosa liko kwenye fonti au kwenye mpangilio wangu?

Jibu la kwanza
Fonti haina kosa. Imechorwa juu ya miraba 8 kwa 8, ikifuata herufi za michezo ya video ya kampuni ya Namco ya miaka ya 1980, kwa hiyo ukubwa unaoifaa ni 8, 16, 24 na kuendelea. Ukiiweka 12, kila pikseli ya mchoraji inatakiwa kujaza pikseli moja na nusu ya skrini, na kwa kuwa nusu ya pikseli haipo, kompyuta hulazimika ama kunenepesha mguu mmoja na kuuacha mwingine, ama kupaka kijivu pembeni. Hicho kijivu ndicho ukungu unaouona. Zima ulainishaji wa kingo, yaani huko kupaka kijivu pembeni, kisha uhakikishe kwamba maandishi yanaanzia kwenye pikseli kamili. Namba 8 yenyewe ina asili yake: baiti moja ya kumbukumbu ni biti 8, yaani alama 8 za 0 au 1, hivyo kila safu ya miraba 8 ya herufi ilihifadhiwa kwa baiti moja, na seti nzima ya herufi 96 ikaenea katika baiti 768, enzi ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali mno.

Jibu la pili
Kuhusu ukubwa ninakubaliana na mwenzangu, ila mimi fonti hiyo ningeiachia jina la mchezo na hesabu ya pointi tu. Kila herufi inachukua pikseli 8, hivyo mstari wako unabeba herufi 20, na neno "wanaposhindana" peke yake limeshakula 14. Ritifaa ya "ng'ombe" nayo hupewa mraba mzima, ikaacha pengo kana kwamba hayo ni maneno mawili. Tafuta fonti ambayo kila herufi ina upana wake, kama Chicago, aliyoichora Susan Kare kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984. Hata hivyo, m usiipe chini ya pikseli 5, yaani miguu 3 na nafasi 2, maana Kiswahili hakiwezi kuikwepa.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimeirudisha kwenye 8 na ukungu umeondoka. Kwa mazungumzo nimeanza kuchora fonti yangu kwenye karatasi ya miraba: ritifaa nimeipa pikseli 1, m imepata 5 zake. Inayonitesa sasa ni g, kwa sababu mkia wake unagusa vichwa vya herufi za mstari wa chini.

Jibu la kwanza
Acha safu 1 tupu ya pikseli kati ya mistari. Utapoteza mistari 2 ya maandishi kwenye skrini, 16 badala ya 18, lakini yatasomeka.