Naomba ushauri: mama mkwe ananipiku kwenye elimu ya unyonyeshaji

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mkunga kwenye zahanati ya kijijini. Mama akijifungua tunakaa naye saa 24. Namwonyesha kumpakata mtoto, mdomo uachame, weusi wa ziwa uingie na si chuchu tu. Namweleza kuwa yale maziwa ya njano ya mwanzo si machafu, na kwamba miezi 6 ni ziwa tupu, hata maji hapana. Anaitikia vizuri kabisa.

Akirudi siku ya 7, mtoto keshanyweshwa maji ya sukari. Juzi mmoja kitovu kilikuwa kimepakwa majivu. Ukiuliza: "Mama mkwe kasema analia njaa."

Nimejaribu kuwaita bibi siku ya kuruhusiwa. Wanakuja, wanakaa kimya. Mmoja akaniuliza nimezaa wangapi (sina hata mmoja, nikabaki kutabasamu).

Mlio kazini siku nyingi: mnaanzaje kuongea na bibi bila kumvunjia heshima? Na nianze naye tangu kliniki ya wajawazito, au nimtumie mhudumu wa afya wa kijiji amfuate nyumbani?