Kozi ya makamisaa wa baiskeli mtandaoni: watu wana vyeti, kazi hawaijui, na kesho wanakabidhiwa mbio

Wakuu habari za muda huu. Naleta malalamiko na naomba modereta msiufute huu uzi, sijatukana mtu na waandaaji sijawataja jina, wenyewe wakisoma watajijua.

Kuna hii kozi ya ukamisaa, yaani uamuzi na usimamizi wa mbio za baiskeli za barabarani, ile ya mtandaoni. Tumelipa ada, tumekaa Zoom usiku baada ya kazi, tumechoma bando, mwisho tumetumiwa vyeti vya pdf vina nembo na sahihi, na sasa hivi kuna watu wana cheti cha kusimamia mbio ambao hawajawahi hata kukaa ndani ya gari linalofuata mashindano. Hawajawahi kusikia redio ya mbio ikiita namba ya aliyeanguka. Hawajasimama kwenye mstari wa kumalizia hata mara moja. Na wikiendi yoyote wanaweza kupangiwa kazi. Hela inauma ndio, ila hili linaniuma zaidi.

Kozi yenyewe ilivyokuwa: mkufunzi anafungua slaidi, anaisoma neno kwa neno kwa Kiingereza, anaenda slaidi inayofuata. Ukiuliza swali kwenye chati unaambiwa tutalirudia, halirudiwi. Najua kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinatoka kwa Kifaransa na Kiingereza, sawa, hatukatai, lakini mkufunzi Mtanzania, sisi Watanzania, mbio zenyewe ziko Shinyanga au Simiyu na waendeshaji ni vijana wa vijijini, siku unamwondoa kijana mashindanoni kwa kushikilia mlango wa gari utamweleza kwa lugha gani akuelewe na wenzake wasikuzingire? Hakuna aliyefundisha hilo. Kuna mzee huku kwetu amesimamia mbio miaka na miaka, waje watu ishirini kwa mkupuo anakutajia namba zao kwa mpangilio bila kubabaika, huyo mzee kafeli mtihani. Kafeli kwa sababu swali moja lina mistari sita ya Kiingereza na saa inahesabu kurudi nyuma. Vijana waliokuwa na maswali ya mwaka jana kwenye grupu la WhatsApp wamefaulu wote.

Halafu notisi zenyewe za zamani. Kadi za njano zilianza kutumika rasmi kwenye mbio kubwa Januari 2025, mtu akipata mbili kwenye mbio moja anatolewa na kufungiwa siku 7, tatu ndani ya siku 30 anafungiwa siku 14, na sio mwendeshaji tu, hadi dereva wa gari la timu na wa pikipiki anaweza kupewa. Kwenye notisi zetu hakuna hata sentensi moja. Ule mkao wa kukalia bomba la fremu wakati wa kushuka mlima ulipigwa marufuku Aprili 2021, kwenye notisi kuna picha ya mtu ameukaa na maelezo chini yake yanaongelea breki! Sasa mnauza nini?

Na mtihani wao una majibu ya uongo, hapa naomba tuelewane vizuri. Swali lilisema mwendeshaji amepata pancha zikiwa zimebaki kilometa 2 kwenye mbio za siku moja, anapewa muda gani. Mfumo unasema jibu sahihi ni muda wa kundi alilokuwemo. SIO KWELI. Kanuni ya kilometa 3 za mwisho ni ya mbio za hatua, zile za siku nyingi ambako muda unajumlishwa. Hata humo haitumiki kwenye mbio dhidi ya saa (zile ambazo kila mtu anaondoka kivyake na kupimwa muda) wala hatua inayoishia mlimani, na siku hizi kwenye hatua za tambarare inaweza kusogezwa hadi kilometa 5. Mbio za siku moja ukipata pancha umepata pancha, unaandikwa kadiri ulivyovuka mstari. Na mbio zetu karibu zote huku ni za siku moja! Yaani mmewafundisha watu kitu ambacho wakienda kukitumia Jumapili ijayo watamnyang'anya mtu ushindi wake. Nimewaandikia, nimewawekea na kifungu, jibu lililokuja ni kwamba matokeo yameshafungwa na mfumo hauruhusu kubadilisha.

Kuna mtu mtandao ulimkatika katikati ya mtihani, aliporudi mfumo umeshamkusanyia karatasi kana kwamba amemaliza. Kaambiwa alipie tena. Haya.

Nije kwenye mstari wa kumalizia maana hapo ndipo ugomvi wote wa huku unapoanzia. Kanuni inasema mstari ni mweusi wa sentimeta 4 katikati ya utepe mweupe wa sentimeta 72, na anayehesabiwa kufika ni yule ambaye tairi lake la mbele limegusa usawa wa ule mstari kwanza, sio kichwa, sio mkono, sio kifua. Slaidi ilionyesha picha moja safi ya kamera ya Ulaya, tukapita. Sasa njoo kwenye mbio zetu. Mstari umechorwa kwa chokaa asubuhi, mpaka waendeshaji wanafika saa saba mchana bodaboda na ng'ombe wameshaukanyaga umebaki vipande. Namba mgongoni imelowa jasho imekunjamana, ya mwingine imeshikwa na pini moja imegeuka, namba 16 na 19 huwezi kuzitofautisha. Watu wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na simu yake. Kamera hakuna. Hapo kamisaa anatakiwa asimame sawasawa na mstari, macho yake yasimfuate mtu anayekuja, yabaki kwenye mstari tu, atamke namba kila tairi linapogusa, wa pili aandike, wa tatu arekodi sauti na video kwa simu ili wakibishana warudie. Hicho kitu kinajifunza kwa kukifanya, unasimama na mzoefu, unakosea naye, anakurekebisha, mbio inayofuata unakosea kidogo. Kule Zoom hakuna aliyetufanyisha, hata kutuwekea video ya watu wanafika kwa mkupuo tujaribu kutaja namba walishindwa, na hicho kinawezekana kabisa mtandaoni.

Usalama je? Usalama ulipita kwa slaidi mbili. Jamani huu mchezo unaua. Machi 2016 kwenye Gent-Wevelgem, mbio za Ubelgiji, Mbelgiji Antoine Demoitié alianguka, akagongwa na pikipiki ya msafara, akafariki. Septemba 2024 Zurich kwenye mashindano ya dunia, binti wa miaka 18 wa Uswisi, Muriel Furrer, alianguka kwenye kipande cha msituni na ulipita muda mrefu bila mtu kujua alipo, akafariki kesho yake. Ndio maana kwenye mashindano ya dunia ya Kigali 2025 kila mwendeshaji alifungwa kifaa cha GPS. Sisi hatuna GPS, kwa hiyo kamisaa wa gari la mwisho ndiye anapaswa kuwa na orodha mkononi, anajua waliotoka ni wangapi, waliopanda gari ni wangapi, waliobaki barabarani ni wangapi, na hesabu isipotimia haondoki. Nani alifundishwa hiyo hesabu? Nani alifundishwa kundi likikatika vipande viwili ni wakati gani magari yanaruhusiwa kuingia katikati na ni wakati gani yanatolewa yote ili walio nyuma wasije wakavutwa na upepo wa magari? Hata kusimama mahali salama hatukufundishwa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2006 kule Salzburg akiwakilisha Kenya kwenye mbio dhidi ya saa za vijana chini ya miaka 23, alimgonga kamisaa muda mfupi tu baada ya kuanza, wote chini. Hayo ni mashindano ya dunia, sembuse huku.

Nikauliza na suala la reli kwa sababu reli ya Mwanza huku inakatiza barabara. Kanuni ni kwamba geti likifungwa hupiti, ukipita unatolewa. Kwenye mbio za Paris-Roubaix kule Ufaransa mwaka 2006 waliomaliza wa pili, wa tatu na wa nne waliondolewa wote watatu kwa kupita geti lililofungwa. Mwaka 2015 mbio hizohizo, watu kibao wakapita geti likishuka na treni ikaja, hakuna aliyetolewa. Nikauliza, mimi nikiwa peke yangu pale kwenye geti na kundi la watu hamsini nifanye nini, naandika namba gani, nawasimamisha vipi walio mbele. Mkufunzi akasema hilo ni swali zuri. Akaendelea na slaidi.

Na msiniambie hakuna uwezo. Kigali sio mbali, Tour du Rwanda ipo kwenye kalenda ya UCI tangu 2009 na kila mwaka msafara unazunguka ile nchi, mtu anaweza kuomba nafasi ya kwenda kukaa nyuma ya gari la kamisaa aangalie tu. Hata bila Rwanda, mbio za huku Kanda ya Ziwa zipo, mpe mwanafunzi kibao na kalamu, mpandishe pikipiki nyuma ya mzoefu, mwisho wa siku msainie kitabu chake.

Nadharia mtandaoni sawa, inapunguza nauli, mtu wa Kahama asisafiri mpaka Dar kusikiliza kanuni. Ila cheti kisitoke kabla mtu hajasimamiwa kwenye mbio za kweli. Maswali yatafsiriwe Kiswahili. Lile swali la kilometa 3 lifutwe na waliopatia warudishiwe maksi zao. Yule mzee apewe mtihani wa mdomo, pale pale kwenye mstari.

Waliofanya hii kozi mko humu najua. Kama una skrinshoti ya lile swali au ya majibu mengine yenye makosa, weka hapa au nitumie pm, naandaa barua ya pamoja na nataka iende kabla hawajafungua usajili wa awamu nyingine.