Naombeni ushauri: ripoti imerudishwa sababu ya grafu, nakosea wapi?

mwanagenzi_wa_takwimu:
Wakuu habari za muda huu. Wanaoelewa takwimu naombeni msaada maana mwenzenu nimeaibika. Nimepewa kazi ya kuandaa ripoti ya malalamiko ya wateja ya mwaka mzima, data yote ninayo kwenye Excel, malalamiko 200, kila moja lina tarehe, sababu, ofisi na siku zilizopita mpaka mteja akajibiwa. Nikaweka grafu 6 za rangi rangi, mwenyewe nikaona zimenoga kweli, bosi kafungua kurasa mbili tu akaniuliza "sasa hapa unataka nione nini?" nikabaki natoa macho. Kuna duara la sababu lina vipande 11, kuna mstari unaounganisha ofisi zetu 5, kuna nguzo za mwaka jana (208) na mwaka huu (200), halafu wastani wa siku za kujibu ambao ni kama siku 6 hivi. Hivi kuna kanuni ya kujua grafu gani inakaa wapi au kila mtu na macho yake?

Mpita_Njia:
Tatizo lenu mnachagua grafu kama mnachagua picha ya profaili 😂😂

kalamu_nyekundu:
Pole mkuu, wote tumepita huko. Umeanzia kwenye menyu ya Excel wakati ulitakiwa uanzie kwenye sentensi. Kabla hujabonyeza chochote andika kwa maneno unachotaka kusema, mfano "malalamiko yalipanda katikati ya mwaka" au "ofisi moja inazidi zingine", ukishaiandika hiyo sentensi grafu inajichagua yenyewe. Neno "yalipanda" ni muda, hapo ni mstari. Neno "inazidi" ni kulinganisha, hapo ni nguzo.

Sasa huo mstari wako wa ofisi 5 ufute leo leo. Mstari unamwambia msomaji kwamba kati ya nukta hii na ile kuna safari, Machi inaingia Aprili sawa, lakini kati ya ofisi ya kwanza na ya pili kuna nini hapo katikati? Hakuna kitu. Ukibadilisha mpangilio wa majina mstari unapanda pale ulipokuwa unashuka, hiyo peke yake inatosha kukuonesha kuwa ulikuwa hausemi kitu.

bibi_hesabu:
Naongezea kwa kalamu. Huyo aliyetuletea hizi grafu za biashara, William Playfair wa Uskoti, kwenye kitabu chake cha 1786 alichora mistari mingi ya biashara kwa miaka na miaka, alipofika kwa Uskoti akakwama, alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, 1781, pamoja na nchi 17 walizofanya nazo biashara. Hakuna miaka ya kuunganisha. Ndo akachora nguzo. Kwahiyo mwanangu nguzo zilitokana na hali kama yako hiyo hiyo, vitu vingi muda mmoja. Duara nalo ni lake, 1801.

Mpita_Njia:
Kumbe ndo yeye wa kulaumiwa kwa maduara

fundi_jedwali:
Duara lina vipande 11 mkuu?? Sasa fikiria mtu kaliprinti bila rangi, vipande vyote vya kijivu na maelezo ya rangi yako pembeni, atajua kipi ni kipi? Tena jicho halipimi pembe vizuri, watafiti wa grafu Cleveland na McGill walijaribisha watu mwaka 1984 wakaona tunakadiria vizuri zaidi vitu vikiwa kwenye mhimili mmoja wa namba kuliko kwa pembe. Weka nguzo za kulala, majina ya sababu yasomeke bila kupinda shingo, panga kubwa juu ndogo chini. Mimi duara nilishaacha kabisa.

kalamu_nyekundu:
@fundi_jedwali hapo kwenye kuacha kabisa tunatofautiana. Kama vipande ni viwili au vitatu na ujumbe ni "zaidi ya nusu ya kitu kizima", duara linasema haraka kuliko nguzo. Ila lazima vipande vifanye kitu kizima, nishaona duara la watu waliochagua majibu zaidi ya moja, asilimia zinajumlika 140, nikafunga faili.

fundi_jedwali:
Sawa, viwili vitatu nakubali. Kwa shingo upande.

mwanagenzi_wa_takwimu:
Nimewaelewa wakuu. Nguzo za 208 na 200 je? Maana hizo ndo nilizipenda, mwaka huu inaonekana tumepunguza nusu nzima.

bibi_hesabu:
Nusu vipi wakati 8 kwenye 208 haifiki hata asilimia 4? Angalia mhimili wako wa wima unaanzia ngapi.

mwanagenzi_wa_takwimu:
Unaanzia 192 😳 Excel imejiwekea yenyewe wallahi

bibi_hesabu:
Ndo hapo. Nguzo moja ina urefu wa 16 nyingine wa 8, jicho linasoma urefu halisomi namba. Nguzo inaanzia sifuri, hakuna mjadala. Mstari una nafuu kwasababu tunasoma kupanda na kushuka, joto la mwili ukilianzishia sifuri homa yenyewe haitaonekana.

kalamu_nyekundu:
Na huo wastani wa siku 6 ndo unanisumbua zaidi kuliko vyote. Chora histogramu. Inafanana na nguzo lakini siyo nguzo, chini hakuna majina kuna namba zinazofuatana, siku 0 hadi 2, 2 hadi 4, unahesabu malalamiko mangapi yameangukia kila fungu na nguzo zinagusana. Fanya halafu urudi utuambie umeona nini.

mwanagenzi_wa_takwimu:
Nimerudi. Aisee kuna vilima viwili! Malalamiko 140 yamejibiwa kwenye siku ya 2 hivi, 60 yamekaa kwenye siku ya 15 hapo, katikati patupu. Hakuna hata mteja mmoja aliyejibiwa siku ya 6 😂 Nimechungulia hayo 60, karibu yote yaliletwa kwa fomu, ya simu yanajibiwa fasta.

bibi_hesabu:
Wastani umeangukia mahali pasipokaa mtu. Hiyo ndo grafu yako ya kwanza kwenye ripoti, zingine zifuate.

fundi_jedwali:
Na usiiite "Grafu Na. 1". Juu yake andika "Malalamiko ya fomu yanasubiri wiki mbili, ya simu siku mbili".

Mpita_Njia:
Zile za nukta nukta zinatumika wapi? Naulizia rafiki yangu

kalamu_nyekundu:
Ukiwa na namba mbili kwa kila kitu kimoja, mfano kila siku una idadi ya wahudumu na dakika za kusubiri, unataka kujua kama vinakwenda pamoja. Chora kabla hujapiga hesabu ya uhusiano, mwanatakwimu Anscombe mwaka 1973 alitengeneza data seti 4 zenye wastani sawa na uhusiano sawa, 0.816 (1 ndo uhusiano kamili), ukizichora moja imepinda kama upinde, nyingine nukta moja tu ndo imevuta kila kitu. Ila vikienda pamoja usikimbilie kusema kimoja kimesababisha kingine.

mwanagenzi_wa_takwimu:
Mrejesho wakuu. Nimepeleka grafu 3 badala ya 6. Safari hii bosi hajauliza anatakiwa aone nini, kauliza hizo fomu huwa anazisoma nani. Tumetafuta, kumbe hakuna aliyepangiwa.