Paka anajikuna mpaka damu, nimpe dawa yangu ya aleji?

Fundi_Cherehani
Wakuu, habari za usiku. Niko Newala, na huku msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukifika, mtaa mzima unapiga chafya. Mimi kila usiku nameza setirizini ya miligramu 10, la sivyo cherehani silikalii. Mwaka huu na paka wangu, Chakupewa, kaanza. Chafya kidogo, ila shida hasa ni kujikuna: shingoni na pale mkia unapoanzia manyoya yameisha, pana vidonda. Ana kilo nne (nilimpima kwenye mizani ya jirani, akanichana mkono). Bwana mifugo nikimpigia yuko vijijini na ng'ombe. Nimpe nusu kidonge changu au nitamuua?

Korosho_Boy
Paka ana roho saba huyo, mpe kizima 😂

Mzee_wa_Mikindani
Huyo kijana msimsikilize. Mimi nilishazika paka kwa ujuaji wa namna hiyo. Alikuwa na mafua, nikampa robo ya kidonge cha mafua, kile cha mchanganyiko, kwa sababu mimi kinanikausha pua saa ile ile. Jioni fizi zikawa rangi ya matope, uso umevimba, anahema kama katoka kufukuzwa. Hakuiona alfajiri. Daktari wa mifugo akanigeuzia boksi nisome: mna parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja kama letu, na damu yake inashindwa kubeba hewa.

Setirizini tupu ni habari nyingine. Madaktari wa mifugo huwapa paka, na kwa mkubwa wa kilo zako hizo kawaida ni miligramu 5 mara moja kwa siku, yaani hiyo nusu yako. Lakini soma boksi lisiwe na kitu kingine ndani, na umpate kwanza bwana mifugo hata kwa simu, hasa kama paka ni mzee au figo zake mbovu, maana dawa hii hutoka mwilini kupitia figo.

Ila dada, shingo na mkia? Mimi nanusa viroboto. Mchane kwa kitana cha meno membamba juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vile vipunje vyeusi vikiyeyuka vikawa vyekundu, ni mavi ya viroboto, damu yake mwenyewe hiyo. Na usije ukampaka unga wa viroboto wa mbwa! Ukiwa na permethrini, paka anatetemeka mpaka degedege.

Salfa mfute kwa kitambaa kibichi akirudi nyumbani. Akijilamba anaimeza.

Fundi_Cherehani
Shikamoo mzee wangu, na pole kwa paka wako. Nimemchana juu ya kipande cha bitana. Chekundu! Kumbe analala kwenye gunia langu la mabaki ya vitambaa, viroboto wamejaa humo. Gunia limeenda motoni, mkeka nimeumwagia maji ya moto.

Bwana mifugo kapokea simu leo. Kasema nusu kidonge sawa kupunguza muwasho, Jumamosi anakuja na dawa ya matone ya kumwekea shingoni.

Nusu yenyewe nilimfichia ndani ya dagaa. Dagaa kala, kidonge nimekikuta juu ya cherehani.

Korosho_Boy
Mwambie ameze na chai 😂