Mrejesho: jumla ya mauzo ya samaki, Lamu

Ahsanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini Python inatoa KeyError: 'bei' (yaani haioni safu yenye jina hilo) kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitengwa kwa koma) la mauzo ya samaki hapa Lamu, ilhali safu ya bei ipo, tena ya kwanza kabisa. Kumbe Excel ikihifadhi kwa CSV UTF-8 hutia alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, nayo hugandana na jina la safu hiyo. Dawa ni kufungua faili kwa utf-8-sig, ambayo huiondoa alama hiyo:

```python
import csv
jumla = 0
with open("samaki.csv", encoding="utf-8-sig", newline="") as f:
    for r in csv.DictReader(f):
        bei = r["bei"].replace(",", "").strip()
        if bei:
            jumla += int(bei)
print(jumla)
```

Msiiache replace (inaondoa koma) wala if bei (inaruka seli tupu): int("1,200") ni ValueError, yaani kosa la thamani isiyogeuzika kuwa namba, na seli tupu vilevile. Kama bei zina senti, tumieni Decimal (namba za desimali kamili), si float (namba za desimali za kukadiria). Float hupotosha hesabu za pesa.