Nyumba zetu mnaziuza kwa dola, sisi mnatulipa "vumilia kidogo mama"

Assalaam alaykum wanajamvi.

Nimekaa kimya wiki mbili nikidhani nitapoa. Sikupoa. Leo nayatoa yote kuhusu mawakala wanaotuletea wanafunzi wa Kiswahili majumbani, na anayeona uzi ni mrefu apite tu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kikwajuni, hapa mjini Unguja. Nyumba yetu imepokea wanafunzi wa Kiswahili tangu enzi za marehemu mama yangu, wakati TAKILUKI, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ilipokuwa changa (ilianza 1978, siku hizi imo ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar). Nimekua nikiwaona Wajerumani na Wamarekani wamekalia mbuzi uani kwetu wakikuna nazi, wanajikata vidole, wanacheka. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nina chuki na wazungu au kwamba mambo haya siyajui. Ugomvi wangu ni na mawakala wa hizi programu fupi za wiki nne, wiki sita, wanazoziita za kiangazi. Kwao ni kiangazi. Kwetu mwezi wa sita na wa saba ni kipupwe, na ndiyo miezi ambayo kila kona ya Mji Mkongwe utamkuta kijana ana daftari anamuuliza muuza kahawa ngeli za nomino.

Mwezi wa nne alinijia mratibu wa kampuni moja ambayo ofisi yake kuu iko nje. Kijana wa hapa hapa, mtoto wa watu, anasema vizuri. Akakaa barazani, akanywa kahawa, tukakubaliana: wasichana wawili, wiki sita, shilingi 20,000 kwa kila mmoja kwa siku, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na cha mchana siku wasizokuwa na darasa. Nikamwambia tuandikiane. Akasema, "Aa mama, mimi mwanao, tuandikiane nini tena?" Nikaona haya kumbana mtoto wa mtu. Kosa langu ni hilo, nalikiri.

Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Pesa yote niliitia kwenye chumba chao: magodoro mawili mapya, vyandarua, feni, kabati la nguo. Nikampisha mwanangu wa kiume akalale kwa mjomba wake. Wasichana wakafika siku chache baada ya Iddi Kubwa, watoto wazuri, wana adabu, wamejifunga mitandio kabla hata sijawaambia. Yule mrefu alikuwa anasema Kiswahili cha kitabuni lakini kinasikika. Mwenzake ndiyo anaanza kuunga maneno.

Siku ya pili nikapika wali, samaki wa kukaanga na kisamvu cha nazi ambacho nilikitia karanga. Nimeshapakua. Yule mdogo akainamia bakuli, akanusa, akaniuliza taratibu, "Mama, hii kuna karanga?" Nikamjibu kwa furaha kabisa, ndiyo, nyingi! Akarudi nyuma na kiti. Akaenda chumbani akarudi na sindano nene kama kalamu ya kuandikia ubaoni, akaniwekea mkononi, akanionyesha pajani pa kumchoma akianguka na kushindwa kupumua. Mikono ilinitetemeka, wallahi. Huyu mtoto karanga zinamuua! Na alikuwa ameshaijaza fomu ya afya chuoni kwao miezi mitatu kabla, ameandika karanga kwa herufi kubwa. Fomu iko kwa kampuni. Mimi ninayempikia sikuambiwa kitu. Nilipompigia mratibu akajibu, "Oo, ilinipita mama." Ilimpita! Usiku ule ule nilitoa karanga zote ndani ya nyumba, nikasugua kinu, nikasugua masufuria kwa majivu na sabuni, na nikaenda kuwaambia majirani wanne wasimpe kashata mtoto yule hata akitaka mwenyewe.

Malipo ya wiki mbili za mwanzo yalikuja, shilingi 560,000 kwa wote wawili. Baada ya hapo hakuna kitu. Wiki ya tatu, "vumilia kidogo mama, ofisi kuu haijatuma." Wiki ya nne, "mama benki zina matatizo." Wiki ya tano hapokei simu, anatuma sauti tu WhatsApp. Ninazo sauti 14. Wale wasichana wanakula, wanaoga, feni inazunguka usiku kucha, umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, ninaununua mimi. Nikaanza kuchukua samaki kwa mkopo kwa mchuuzi ambaye sijawahi kumkopa tangu niolewe. Nilikuwa naona aibu hata kupita mbele ya meza yake. Na wageni siwezi kuwapunguzia sahani, mgeni ni mgeni, wao kosa lao nini?

Yule mrefu ndiye aliyegundua. Aliniona nahesabu sarafu za mkate asubuhi, akanyamaza. Jioni akaja jikoni na simu yake, akanionyesha ankara aliyotumiwa na kampuni. Nilivaa miwani, nikaisoma mstari kwa mstari. Malazi na familia ya Waswahili: dola 1,500. Za mtu mmoja. Pigeni hesabu wenyewe, dola moja hata tuiweke kwa shilingi 2,500 tu, ni 3,750,000 kwa kila msichana, karibu 89,000 kwa siku. Mimi niliahidiwa 20,000. Na hizo 20,000 zenyewe sijalipwa!

Mstari mwingine, bima ya Zanzibar: dola 90. Jamani. Bima ya wageni ya lazima tangu Oktoba 2024 ni dola 44, inauzwa mtandaoni na Shirika la Bima la Zanzibar, bei moja kwa kila mtu mzima. Hizo 46 nyingine ni za nani? Mstari mwingine tena: safari ya kitamaduni Mwaka Kogwa, yaani sherehe ya mwaka mpya ya kijiji cha Makunduchi, dola 75. Makunduchi! Mimi nina shangazi Makunduchi. Pale siku ya Mwaka Kogwa watu wanapigana kwa mikomba ya migomba, banda linachomwa, kisha kila nyumba inapika na inatafuta mgeni wa kumlisha, maana kukosa mgeni siku ile ni unyonge. Halipishwi mtu. Nauli ya daladala haifiki dola mbili. Unachukuaje ukarimu wa watu unaugeuza tiketi?

Nilidhani mabaya yameisha. Kumbe bado la mwalimu wao.

Mwalimu ni kijana mwenye shahada ya Kiswahili, anakaa Fuoni, na anafundisha vizuri, nimemsikia kwa masikio yangu maana darasa lilikuwa ukumbini kwangu (ndiyo, na ukumbi wangu nao ni darasa, sikuambiwa wala sikulipwa). Anawapa hadithi, anawatuma Darajani wakanunue bizari na warudi waeleze walivyopatana bei. Wiki tatu alikuja kila siku, saa nne kwa siku. Wiki ya nne hakuja. Nikampigia, akaniambia, "Bi, sijalipwa tangu mwanzo, na leo sina hata nauli." Tangu mwanzo! Mimi angalau wiki mbili nilizipata.

Sasa sikilizeni hapa. Yule mrefu alilipiwa na ufadhili wa serikali ya Marekani wa kusomea lugha za kigeni, ulioitwa FLAS. Kwa kiangazi, sharti lake kwa mwanafunzi wa ngazi ya kati lilikuwa wiki zisizopungua 6 na saa 120 za darasa. Huenda ndiyo sababu programu nyingine ni za wiki sita, wengi hatujui. Saa 120 kwa siku 30 za masomo ni saa nne kila siku. Mwalimu alifundisha siku 15 kwa saa nne nne, jumla 60. Zimebaki 60, na mwalimu hayupo.

Wiki ya mwisho mratibu akaibuka. Kanzu nyeupe, harufu ya udi, mfuko wa matunda mkononi. Akanitolea karatasi ya Kiingereza, akaniambia, "Saini hapa mama, ni mambo ya ofisi tu." Kiingereza ninakisoma. Karatasi ilisema kuwa mimi, mama mwenyeji, nimewafundisha wasichana hawa saa 60 za mazungumzo ya kina nyumbani kwangu, kwa tarehe, siku hadi siku. Kuna siku moja imeandikwa nimefundisha saa sita, na siku hiyo mimi nilikuwa mazikoni Bububu tangu asubuhi hadi magharibi. Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema, "Mama, ukisaini pesa yako inatoka kesho."

Yaani pesa yangu, ya chakula kilicholiwa tayari, niinunue kwa uongo.

Nilimrudishia matunda yake. Karatasi nimebaki nayo.

Usiku ule niliwaita wasichana wote wawili nikawaeleza, kwa Kiswahili cha polepole. Yule mrefu alilia, si kwa ajili ya pesa, alilia kwa sababu kwa wiki mbili alikuwa anaambiwa na ofisi kwamba mwalimu ni mgonjwa, na alikuwa ameshamnunulia dawa ya kifua. Akamwandikia profesa wake. Jibu lilirudi siku ya pili: chuo kililipa kila kitu, chote, tangu mwezi wa nne. Mwezi ule ule kijana alipokaa barazani kwangu akisema tuandikiane nini. Kwa hiyo "ofisi kuu haijatuma" ilikuwa uongo, au ilituma ikaishia njiani. Mimi sijui imeishia mfukoni mwa nani, na si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba ninadai shilingi 1,120,000.

Wameondoka Jumamosi iliyopita. Yule mdogo alitaka kunipa dola 300 za mfukoni mwake uwanja wa ndege. Nilikataa. Huyu ameshalipa, alipe mara ngapi?

NYONGEZA: Nimeona majibu, ahsanteni. Wachache nawajibu hapa.

Aliyeandika "mama unalalamika nini, na wewe umefaidi dola": soma tena uzi kutoka juu.

Aliyesema tuwapige marufuku wanafunzi wa nje kabisa: hapana, ndugu yangu. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na watu watakuja hapa kukitafuta, na waje. Wakija kwa miezi au kwa wiki, kwa chuo cha hapa au kwa mlango mwingine, mimi nitawapikia. Wapo waratibu waaminifu, mwenzangu wa Miembeni analipwa kila Ijumaa na ana mkataba wa kurasa mbili. Ni jambo linalowezekana.

Aliyeuliza kuhusu sheria: kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, nimekwenda, wageni niliwaandikisha kwake tangu siku ya kwanza kama inavyotakiwa, daftari lake linaonyesha tarehe waliyoingia na nyumba waliyofikia. Mkataba sina, lakini nina ujumbe wa muamala wa malipo ya mwanzo wenye jina la aliyetuma, nina sauti 14, nina ile karatasi ya saa 60 ambayo haina saini yangu. Sheha amesema inatosha kuanzia.

Na najua humu wanapita walimu wa Kiswahili wa vyuo vya Ulaya na Marekani, mnasoma mnanyamaza. Nawaomba kitu kimoja. Kabla hamjamlipa wakala, mwombeni namba ya simu ya mama atakayempokea mwanafunzi wenu na namba ya mwalimu atakayemfundisha. Tupigieni. Tuulizeni tumeahidiwa kiasi gani, na kama tumeambiwa mtoto hatakiwi kula nini. Mnakifundisha Kiswahili, kitumieni dakika tano kwenye simu. Wakala akikataa kutoa namba zetu, mmeshajua.

Kina mama wa Kikwajuni, Miembeni, Kisiwandui na Mwembetanga ambao mmeletewa wanafunzi na kampuni hii msimu huu, mnaijua, sina haja ya kuitaja: nimeshawapata watatu kwa simu, na wote hadithi ni moja, wiki mbili za mwanzo kisha kimya. Njooni kwangu Alhamisi baada ya alasiri na simu zenu, msifute sauti hata moja. Tutaziandika zote kwenye daftari, tarehe na kiasi, kisha Jumatatu asubuhi twende pamoja Kamisheni ya Kazi. Mwalimu naye anakuja. Nauli yake ya kutoka Fuoni nitamlipia mimi.